Mawimbi ya Bahari Yapimwa Toka Angani: Mita Mbili za Redioni Maana Yake Nini?

Mvuvi, baharia na mfanya kazi wa gatini ni watu watatu wenye kazi mbalimbali, lakini kila kukicha huuliza swali moja: leo bahari ikoje? Jibu la swali hilo ndilo liamualo kama ngalawa itashushwa majini, kama jahazi litang'oa nanga, na kama shehena itateremshwa au meli itakaa nje ikingoja. Jibu likiwa la uongo, mmoja hupoteza kibarua cha kutwa, na mwingine hupoteza roho yake. Kwa sababu hiyo kimo cha mawimbi si jambo la wataalamu peke yao. Ni jambo la riziki na uhai wa watu wengi.

Siku hizi jibu hilo hutoka redioni na katika simu za mkononi. Mara kwa mara Mamlaka ya Hali ya Hewa ya Tanzania hutoa angalizo la upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa, na mawimbi makubwa yanayofikia mita 2. Maneno hayo tumeyazoea hata twayasikia kama tusikiavyo salamu. Lakini ni nani aliyekwenda baharini na fimbo akazipima mita hizo mbili? Na je, mita mbili hizo ni za wimbi lipi, kubwa kuliko yote au la wastani? Mtu asiyejua jibu la maswali haya hajapewa angalizo bado. Amesikia sauti tu. Leo twataka kuyaeleza mambo haya kwa kirefu, maana elimu iliyomo ndani yake ni kubwa, na faida yake ni ya kila mtu atiaye mguu wake katika chombo.

Jicho na Mlingoti

Tangu zamani mawimbi yalipimwa kwa macho. Nahodha mzoefu hutazama bahari, akalinganisha kilele cha wimbi na ubavu wa chombo chake, kisha akasema. Kazi hiyo aliifanya kwa akili na ujuzi, wala hatuidharau. Mfano maarufu ni ule wa meli ya mafuta ya jeshi la majini la Marekani iliyoitwa Ramapo. Usiku wa tarehe 7 Februari 1933 meli hiyo ilikuwa katikati ya Bahari ya Pasifiki ya Kaskazini, imepatwa na tufani iliyokuwa ikivuma kwa siku nyingi. Ofisa aliyekuwa zamu juu ya daraja la meli alitazama nyuma, akaona kilele cha wimbi kimelingana sawasawa na kiota cha mlinzi mlingotini na upeo wa macho. Kwa kuwa vipimo vya meli vilijulikana, ilipigwa hesabu na kuonekana kwamba wimbi lile lilikuwa na kimo cha futi 112, yaani mita 34.

Hata hivyo, kipimo cha macho kina kasoro mbili ambazo hakuna nahodha awezaye kuziondoa. Kwanza, jicho huona mahali lilipo tu; bahari nyingine yote haina shahidi. Pili, kila nahodha mwenye akili huikimbia tufani. Basi habari zilizokusanywa kutoka melini kwa miaka mingi zilikuwa zaidi habari za bahari iliyotulia, nazo tufani kubwa zilipita bila kuandikwa na mtu. Na ile bahari izungukayo dunia kule kusini, karibu na nchi ya barafu, ambako ndiko mawimbi makubwa huzaliwa, ilikuwa karibu tupu kabisa katika vitabu vya wapimaji.

Maana ya Kimo

Wakati wa Vita Kuu ya Pili wataalamu wawili waliokuwa wakifanya kazi California, Harald Sverdrup, mzaliwa wa Norwe, na kijana Walter Munk, mzaliwa wa Austria, walitakiwa wabashiri mawimbi kwa ajili ya askari watakaoshuka pwani kutoka katika mashua. Mashua hizo zilikuwa bapa, na wimbi la kiasi tu lingeweza kuzipindua. Ikawalazimu kwanza kukubaliana juu ya jambo ambalo lilionekana dogo: ukisema mawimbi yana kimo fulani, wasema juu ya mawimbi yapi? Maana bahari haina wimbi moja. Ndani ya dakika kumi hupita makubwa na madogo, hakuna mawili yanayofanana.

Jibu lao ndilo litumiwalo duniani mpaka leo. Chukua mawimbi yote yaliyopita mahali pamoja, yapange kuanzia dogo mpaka kubwa, tupa theluthi mbili za chini, kisha tafuta wastani wa theluthi ya juu iliyobaki. Wastani huo ndio uitwao kimo cha mawimbi, nao hupimwa toka bondeni mpaka kileleni, si toka usawa wa maji yaliyotulia. Walichagua hivyo kwa sababu waliona kwamba jicho la baharia mzoefu, likiulizwa, hutaja karibu kiasi hicho hicho. Jicho halishughuliki na mawimbi madogo.

Hapa ndipo wasomaji wetu wa pwani wanapaswa kutega masikio. Kama mita 2 ni wastani wa theluthi ya juu, basi yapo mawimbi yanayozidi mita 2, na si machache. Kwa hesabu ya kawaida ya bahari kuu, wimbi moja katika kila saba huzidi kimo kilichotangazwa. Na wimbi moja katika kila elfu tatu hivi hufikia maradufu yake. Elfu tatu ni nyingi kwa masikio, lakini si nyingi baharini. Mawimbi yakipita moja kila sekunde saba, elfu tatu hutimia kwa muda wa saa sita. Maana yake ni kwamba mvuvi atakayekaa majini toka alfajiri hadi adhuhuri, siku ambayo redio imetaja mita 2, ajue kuna wimbi la karibu mita 4 linaloweza kumfikia kabla hajarudi. Tena nguvu ya wimbi haiongezeki kwa kadiri ya kimo chake tu. Kimo kikiwa maradufu, nguvu huwa mara nne.

Wahenga walisema maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Wimbi la mita 2 halitikisi meli ya makontena, ila kwa ngalawa ni mlima. Mtabiri hutangaza kimo kimoja kwa wote. Kulipima angalizo hilo kwa ukubwa wa chombo chake ni kazi ya kila mwenye chombo.

Mwangwi Usomwao kwa Hesabu

Sasa tuingie katika shina la habari yetu, yaani jinsi chombo kilichoko zaidi ya kilomita elfu moja juu ya vichwa vyetu kinavyoweza kuujua urefu wa wimbi kwa kiasi cha nusu mita.

Chombo hicho hakipigi picha ya mawimbi. Kina rada itazamayo chini moja kwa moja. Rada hupiga mshindo mfupi sana wa nguvu ya redio, mshindo huo hushuka kwa mwendo wa mwanga, hugonga uso wa bahari, kisha mwangwi hurudi juu. Chombo kikiwa katika kimo cha kilomita 1,336, safari nzima ya kwenda na kurudi huchukua chini ya sehemu moja ya mia ya sekunde. Kwa kuupima muda huo, wataalamu hupata umbali toka chomboni mpaka majini, na kwa njia hiyo hujua kama usawa wa bahari umepanda au umeshuka.

Lakini mwangwi una habari zaidi ya muda wa safari. Una sura yake. Ili kulielewa jambo hili, twaa konzi ya kokoto uimwage toka juu kwenye sakafu ya saruji iliyo tambarare. Kokoto zote hugonga kwa pamoja, nawe husikia kishindo kimoja kikali. Kisha mwaga konzi nyingine juu ya ngazi. Kokoto zilizoangukia vidato vya juu hulia kwanza, zile za vidato vya chini hulia baadaye, na kishindo huwa kirefu na kimelegea. Mtu aliyefumba macho angeweza kwa kusikiliza tu kujua kwamba chini pana ngazi, na kama masikio yake ni makali, angejua hata urefu wa ngazi hiyo.

Rada hufanya kazi kama mtu huyo. Bahari ikiwa shwari, mwangwi hurudi ghafla, nguvu yake hupanda kama ukuta. Bahari ikichafuka, vilele vya mawimbi hurudisha mwangwi wao mapema, mabonde huchelewa, na nguvu ya mwangwi hupanda polepole kama mlima. Kadiri mteremko huo ulivyolala, ndivyo mawimbi yalivyo makubwa. Kazi hii yataka saa ya ajabu, maana katika sehemu moja ya bilioni ya sekunde mwanga huenda sentimita 30 tu. Tena mwangwi mmoja hautoshi, kwa kuwa huja umechanganyika na fujo nyingi. Kwa hiyo rada hupiga mishindo zaidi ya elfu moja kila sekunde, na hesabu hufanywa juu ya wastani wake. Ndani ya sekunde hiyo moja chombo kimekwisha kupita juu ya karibu kilomita 6 za bahari.

Kuna na jambo la tatu. Upepo ukivuma, hukwaruza uso wa maji kwa viwimbi vidogo vidogo, na mwangwi unaorudi juu hupungua nguvu kwa sababu sehemu yake imetawanywa pembeni. Kwa kuipima nguvu hiyo, wataalamu hupata mwendo wa upepo. Hivyo mwangwi mmoja hutoa habari tatu: usawa wa bahari, kimo cha mawimbi, na nguvu ya upepo. Wala giza la usiku halizuii kazi hiyo, na mawingu hayaifichi bahari kama yanavyoificha kamera.

Safari ya Miaka Hamsini

Ujuzi huu haukupatikana kwa siku moja. Rada ya kwanza ya namna hii ilijaribiwa katika kituo cha angani cha Skylab mwaka 1973. Mwaka 1975 kikafuata chombo cha GEOS-3. Tarehe 27 Juni 1978 Wamarekani walirusha Seasat, chombo kilichotengenezwa makusudi kwa kazi ya bahari, nacho kilifanya kazi kwa uzuri kuliko vyote vilivyotangulia. Lakini baada ya siku 105 hitilafu ya umeme ilikiua ghafla. Habari zilizokusanywa katika siku hizo chache zilitosha kuwathibitishia wapimaji kwamba njia yao ni ya kweli. Mwaka 1985 jeshi la majini la Marekani likarusha Geosat, na mwaka 1991 nchi za Ulaya zikarusha ERS-1.

Tarehe 10 Agosti 1992 Marekani na Ufaransa zilishirikiana kurusha TOPEX/Poseidon, chombo kilichofanya kazi kwa zaidi ya miaka 13, kikarithiwa na ndugu zake walioitwa Jason, na baada yao Sentinel-6 Michael Freilich, kilichorushwa tarehe 21 Novemba 2020. Mataifa mengine nayo hayakukaa nyuma. India na Ufaransa zilirusha chombo cha SARAL mwaka 2013, na China na Ufaransa zikarusha CFOSAT mwaka 2018.

Vyombo hivi havikuaminiwa kwa sababu vimetoka mbali au vimegharimu fedha nyingi. Viliaminiwa kwa sababu vipimo vyake vililinganishwa na maboya yanayoelea baharini, ambayo hupanda na kushuka pamoja na maji, yakaandika kila wimbi lipitalo. Panapopatikana tofauti, hesabu husahihishwa. Hiyo ndiyo desturi njema ya elimu: shahidi mmoja hatoshi hata kama anakaa mbinguni.

Vyombo Viliona Nini

Jambo la kwanza lililoonekana ni ukubwa wa tufani ambazo zamani zilipita bila shahidi. Mwezi wa Februari 2011, Jason-2 ilipita juu ya tufani katika Atlantiki ya Kaskazini, ikapima kimo cha mita 20.1. Tukumbuke kwamba hicho ni kimo cha wastani wa theluthi ya juu. Mawimbi ya pekee ndani yake yalikuwa makubwa zaidi. Kwa kulinganisha, boya lililopata kuandika kimo kikubwa kuliko yote yanayotambuliwa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilipima mita 19 tarehe 4 Februari 2013, kati ya Iceland na Uingereza. Na mwezi wa Desemba 2024 chombo kiitwacho SWOT kilipita juu ya tufani katika Pasifiki ya Kaskazini, kikakuta kimo cha karibu mita 20.

Jambo la pili ni kubwa zaidi kwetu sisi. Wimbi halifi pale upepo ulipokoma. Likikwisha kuzaliwa na tufani, hutoka likaenda zake, na kadiri linavyokwenda hunyooka, huwa pana na laini, hata mtu aliye katikati ya bahari kuu asiweze kulitambua vema. Mwaka 1963 huyo Walter Munk tuliyemtaja alipanga vituo toka New Zealand mpaka Alaska, akayafuata mawimbi yaliyozaliwa karibu na nchi ya barafu ya kusini yakavuka Pasifiki yote, zaidi ya kilomita 10,000. Mawimbi yapitayo moja kila sekunde 20 hubeba nguvu yake kwa mwendo wa karibu kilomita 56 kwa saa, sawa na lori barabarani, usiku na mchana, bila kupumzika.

Bahari yetu ya Hindi imetoa ushahidi wake. Siku ya Jumamosi tarehe 12 Mei 2007, kisiwa cha Réunion kilipigwa na mawimbi yaliyofikia mita 11. Bandari ya Saint-Pierre iliumizwa, magati kadhaa yalibomoka, nyumba na maduka yakaingia maji, na wavuvi wawili wakapotea. Chombo cha Ulaya kilichoitwa Envisat kilikuwa kimeyaona mawimbi hayo toka chanzo chake. Yalizaliwa katika tufani kusini mwa Cape Town, yakasafiri kuelekea kaskazini mashariki karibu kilomita 4,000 kwa muda wa siku tatu, ndipo yakakifikia kisiwa.

Tuifikirie vizuri habari hiyo. Siku tatu ni muda mrefu. Katika siku tatu mashua zote za bandari zaweza kupandishwa nchi kavu, nyavu zikatolewa, watoto wakakatazwa kwenda ufukweni. Mawimbi ya namna hii huweza kumjia mtu katika siku isiyo na upepo na mbingu ikiwa nyeupe, ambapo ujuzi wa babu zetu wa kutazama mawingu hauna la kusema. Mwenye kutazama toka juu peke yake ndiye awezaye kuliona wimbi likiwa bado njiani.

Mipaka ya Kipimo

Tusije tukawadanganya wasomaji kwamba chombo cha angani huona kila kitu. Mipaka yake ni mingi na yafaa ijulikane.

Kwanza, rada itazamayo chini hupima mstari mwembamba tu chini ya njia yake. Vyombo vya jamii ya TOPEX na Jason hurudi juu ya mstari ule ule kila baada ya siku kumi hivi, na karibu na ikweta mstari mmoja huachana na jirani yake kwa kilomita 315. Unguja, Pemba na Mafia zote zaweza kuingia katika nafasi kama hiyo, na tufani ndogo yaweza kuzaliwa na kufa hapo katikati bila kupimwa. Pili, karibu na nchi kavu mwangwi wa maji huchanganyika na mwangwi wa ardhi, na kipimo huharibika. Basi palepale wanapofanya kazi wavuvi wetu wadogo, ndipo chombo kikuu kinapopata taabu. Tatu, kipimo ni cha eneo lenye upana wa kilomita kadhaa. Hakiwezi kumwonya mtu juu ya wimbi moja la ghafla. Wimbi la namna hiyo lilipimwa tarehe 1 Januari 1995 kwenye jukwaa la Draupner katika Bahari ya Kaskazini, upande wa Norwe. Kimo chake kilikuwa mita 25.6 hali mawimbi ya wakati ule yalikuwa na kimo cha mita 12 hivi. Nne, mwangwi wa chini haueleza wimbi linaelekea wapi.

Kila upungufu umetafutiwa dawa. CFOSAT ina rada izungukayo, iwezayo kutambua upande mawimbi yanakoelekea na urefu toka kilele hadi kilele. Rada mpya za Sentinel-3 na Sentinel-6 hugawanya eneo lao katika vipande vyembamba vya mita 300 hivi, hivyo hukaribia pwani zaidi kuliko zile za kale. Na nafasi iliyobaki kati ya mistari huzibwa na hesabu. Mjerumani Klaus Hasselmann, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, aliongoza wenziwe katika miaka ya 1968 na 1969 kuyapima mawimbi nje ya kisiwa cha Sylt ili kujua jinsi upepo unavyoyakuza. Na toka katika elimu hiyo zimetengenezwa programu za kompyuta zinazotabiri mawimbi ya dunia nzima. Tangu miaka ya 1990 vipimo vya angani huingizwa katika programu hizo kila siku. Programu ikikosea, chombo huirudisha katika njia.

Yatuhusu Nini

Huenda mtu akasema, haya ni mambo ya mataifa makubwa, sisi yatuhusu nini? Twamjibu kwamba yatuhusu kuliko wengi. Pwani yetu imetazamana na bahari iliyo wazi mpaka kusini mwa dunia. Msimu wa kusi huchafua maji kila mwaka, na mawimbi ya mbali huongezeka juu yake. Wanasayansi wawili wa Australia, Ian Young na Agustinus Ribal, walikusanya vipimo vya vyombo 31 vya angani toka mwaka 1985 hadi 2018, wakatangaza mwaka 2019 kwamba katika bahari ya kusini mawimbi makubwa kabisa yameongezeka kimo kwa sentimita 30, yaani asilimia 5, na pepo kali kabisa zimeongezeka kwa asilimia 8. Sentimita 30 si nyingi machoni. Lakini huko ndiko yanakotoka mawimbi yanayosafiri kuja katika Bahari ya Hindi.

Tena tunayo makaburi yetu wenyewe. Tarehe 18 Julai 2012 meli ya MV Skagit ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe, ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja, siku ambayo upepo ulikuwa mkali na bahari imechafuka. Watu wengi walikufa. Kwa upande mwingine tunao mfano wa kutia moyo. Mwanzoni mwa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokuwa kikija pwani, tahadhari ilitolewa siku kadhaa kabla, safari za boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zikasimamishwa, na vyombo vikabaki bandarini mpaka kimbunga kilipofika Mafia tarehe 4 Mei. Tofauti ya siku mbili hizo ni somo tosha kwa mwenye kutaka kujifunza.

Vipimo vingi vya angani hutolewa bure kwa dunia nzima. Chuo chochote, idara yoyote, hata kijana mwenye kompyuta na bidii, aweza kuvipata na kuvisoma. Basi umaskini wetu katika jambo hili si wa vyombo. Ni wa watu waliofundishwa kuvitumia, ni wa maboya machache ya kupimia maji yetu ya karibu ambayo rada haiyafikii vema, na ni wa njia ya kuifikisha habari kwa mtu wa mwisho, yule aliye na ngalawa na hana simu ya maana.

Twasema hivi. Vijana wa pwani wapelekwe kujifunza elimu ya bahari kwa wingi, nao wakirudi wapewe kazi ya bahari. Maboya ya kupimia mawimbi yawekwe katika njia za boti na karibu na viwanja vya uvuvi, yatunzwe na wenyeji waelezwe kazi yake, maana boya lililokatwa ili minyororo yake iuzwe limekata na uhai wa mtu. Angalizo litolewapo, lisiishie redioni. Lipandishwe bendera katika kila forodha na kila diko, liandikwe ubaoni gatini, na viongozi wa matawi na wa vikundi vya wavuvi wawe ndio wa kwanza kulisambaza. Na maneno yake yaeleweke. Mtangazaji akisema mita 2, aongeze kwamba lipo wimbi la karibu mita 4 miongoni mwake. Maneno hayo machache hayagharimu chochote.

Na mwenye chombo cha abiria naye ajue wajibu wake. Mwangwi umetoka majini ukapanda kilomita 1,336, ukasomwa, ukahesabiwa, ukashushwa mpaka ofisini, ukatangazwa kwa Kiswahili safi ili kumwambia jambo moja: leo usitoke. Kazi ya watu wengi wa mataifa mengi imo ndani ya neno hilo. Akilipuuza kwa ajili ya nauli ya siku moja, hana wa kumlaumu, wala bahari haitampokea udhuru.